Deraya Ikae, Deraya Ivulike: Utangulizi kwa Mtengenezaji Mpya

Kama umefika hapa, huenda tayari una vipande kadhaa vimelala sakafuni: dirii, kinga mbili za mabega, labda na chapeo. Umevikata, umevipinda kwa moto, umevipaka rangi, na vinapendeza. Kilichobaki ni kuvivaa. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mafunzo mengi hueleza kwa kirefu namna ya kutengeneza bamba, kisha hupita haraka juu ya namna ya kulishikiza mwilini. Sehemu hiyo inayorukwa ndiyo ninayotaka kukufungulia, na nafurahi umeniwahi kabla hujabandika chochote.

Tuwekane sawa kwanza katika maneno. Deraya ni vazi zima la kinga, lile la askari wa kale au la shujaa wa filamu na michezo ya kompyuta. Bamba ni kipande kimoja kigumu cha deraya hiyo. Dirii ni bamba la kifua, na chapeo ni kofia ngumu ya kukinga kichwa. Kigasha ni sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, na muundi ni upande wa mbele wa mguu chini ya goti. Sehemu zote mbili huwa na kinga zake. Vazi la msingi ni nguo inayovaliwa chini ya mabamba: fulana ya mikono mirefu, taiti, au ovaroli iliyoshonwa ikakubana. Kishikizo ni chochote kinachounganisha bamba na vazi la msingi, au bamba na bamba mwenzake: kamba, kifungo, bizimu, velkro, sumaku. Maneno hayo yanatutosha kwa mwendo wote.

Huenda unajiuliza kwa nini tusigundishe mabamba moja kwa moja kwenye nguo, yaishe. Jibu liko katika siku ya pili. Nguo hulowa jasho na hutaka kufuliwa. Bamba lililopakwa rangi halitaki maji wala kusuguliwa. Mwili hukaa, huinama, hupanda basi na huenda msalani. Mabamba yanayovuliwa hupangwa vizuri ndani ya sanduku, yasiyovuliwa hupindana. Na kipande kikivunjika, unakitoa kimoja na kukitengeneza bila kugusa vingine. Kwa hiyo ufungaji mzuri ni ule unaoshika unapotaka na kuachia unapotaka.

Sasa tutazame tunachokifunga. Watengenezaji wengi wa nyumbani hutumia foamu ya EVA, plastiki laini yenye vipovu vidogo vya hewa ndani yake. Unaifahamu hata kama hukuwahi kusikia jina lake: mikeka ya rangi inayounganishwa kwa meno, ambayo watoto huchezea, hutengenezwa kwayo, na soli za kandambili nyingi vilevile. Huuzwa kwa unene tofauti. Milimita 10 hufaa kwa dirii, milimita 5 kwa vigasha, na milimita 2 kwa mapambo. Sifa yake kubwa ni wepesi. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 chenye unene wa milimita 10 kina uzito wa takribani gramu 100, hupungua au kuzidi kulingana na ugumu wake. Linganisha na deraya ya chuma ya Ulaya ya karne ya 15, ambayo ikiwa kamili ilikuwa na kilo 20 hadi 25. Wewe unabeba sehemu ndogo tu ya mzigo huo, na hiyo ni habari njema kwa kila kishikizo utakachochagua.

Lakini wepesi una udanganyifu wake. Mwanzoni mtu hudhani kwamba bamba jepesi litakaa popote, na kwamba likianguka dawa ni kishikizo chenye nguvu zaidi. Kabla ya kuuliza kishikizo kina nguvu kiasi gani, jiulize maswali matatu kuhusu bamba lenyewe. Kwanza, uzito wake unaning'inia wapi? Pili, ni nini kinalizuia lisizunguke au kuteleza? Tatu, linafunguliwa wapi, na nani anafungua? Maswali haya ndiyo msingi wa elimu yote hii. Vishikizo vingi hushindwa kwa sababu kimoja kimepewa kazi zote tatu. Ukizigawa kazi, hata kishikizo dhaifu kinatosha.

Wala maswali haya hayakubuniwa na wapenzi wa mavazi ya kuigiza. Mafundi wa deraya za kweli waliyajibu karne nyingi zilizopita, na majibu yao bado yanatufaa.

Chukua Uingereza ya karne ya 15. Kuna maelezo ya wakati huo, yaliyohifadhiwa katika hati iliyoko leo kwenye maktaba ya Morgan jijini New York, yanayoeleza jinsi mtu anavyovishwa deraya kabla ya kupigana kwa miguu. Jambo la kwanza linalotajwa ni nguo. Askari alivaa koti nene lililotobolewa vitundu vingi, na katika vitundu hivyo zilipitishwa kamba nyembamba zilizopakwa nta ya mshona viatu ili zisilegee. Mabamba yalifungwa kwenye koti hilo kwa kamba hizo. Kinga za miguu, kwa mfano, hazikuachwa zijishikie zenyewe mapajani. Zilining'inizwa kutoka kiunoni. Na uvishaji ulianza miguuni ukapanda juu, kwa sababu mtu akishavaa dirii hawezi kuinama vizuri kufunga viatu. Hapo swali la kwanza limejibiwa: uzito hubebwa na nguo, na nguo hubebwa na mabega na kiuno.

Swali la pili tulipeleke Japani. Samurai aliyepigana juu ya farasi kwa upinde alikuwa na kinga mbili kubwa za mabega zenye umbo la mstatili, ziitwazo sode. Zilining'inia kwa kamba kutoka kwenye kanda za mabega ya dirii yake. Sasa fikiria farasi anakimbia na mpanda farasi anainama mbele: bamba lililoning'inizwa kwa juu tu litamwangukia kifuani. Kwa hiyo kila sode ilikuwa na kamba nyingine zilizokwenda nyuma na kufungwa kwenye fundo kubwa la hariri lililokaa mgongoni, liitwalo agemaki. Leo wengi huliona fundo hilo kama pambo, na kweli linapendeza, lakini lilikuwa na kazi. Kamba za juu zilibeba, kamba za nyuma zilizuia. Ukilielewa fundo hilo, umeshaelewa nusu ya yale nitakayokwambia hapa chini.

Tuje sasa kwenye vishikizo vyenyewe, tukianza na kile ambacho kila mtu hukikimbilia. Velkro ilibuniwa na mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, baada ya kurudi matembezini mwaka 1941 na kukuta mbegu za mmea wa porini zimenata kwenye nguo zake na kwenye manyoya ya mbwa wake. Alipozitazama kwa hadubini aliona ncha zake zimepinda kama ndoano. Aliyewahi kupita shambani akatoka na kishona-nguo kwenye pindo la suruali hahitaji maelezo zaidi. Velkro ina pande mbili: upande mgumu wenye vindoano na upande laini wenye vitanzi. Upande laini uweke kwenye vazi la msingi, upande wa vindoano uweke kwenye bamba. Ukigeuza, vindoano vitakukwaruza ngozi, vitararua nguo nyingine zinapofuliwa pamoja, na vitajaa nyuzi hadi vishindwe kushika.

Velkro inatufundisha jambo muhimu kuhusu nguvu. Kuna kuburuta, yaani kuuvuta upande mmoja uteleze juu ya mwenzake, na kuna kubandua, yaani kuinua ukingo na kuvuta kama unavyomenya ndizi. Velkro huhimili sana kuburutwa na huachia upesi inapobanduliwa. Ndiyo sababu kipande kidogo hushikilia mkanda wa kiatu siku nzima, lakini mtoto hukifungua kwa vidole viwili. Kwa hiyo ipange ili mwendo wa mwili uiburute, usiibandue. Ukiibandika chini ya ncha ya bamba inayoinuka kila unaponyoosha mkono, umeiweka mahali pa kubanduliwa, nayo itabanduka.

Cha pili ni kifungo cha kubonyeza, kile cha chuma chenye dume na jike kinacholia "tik" kinapofunga. Hukaa vizuri kwenye ukanda wa naironi wa aina inayotumika kwenye mabegi. Mashabiki wanaotengeneza deraya nyeupe za askari wa filamu za Star Wars hukipenda sana: hugundisha vipande vifupi vya ukanda vyenye vifungo ndani ya mabamba ya plastiki, kisha huunganisha bamba na bamba kwa kanda nyingine zenye vifungo pande zote mbili. Uzuri wake ni kwamba ukanda ukichoka, unaubadilisha peke yake.

Hapa kuna hila ndogo ya kazi. Unapotaka tundu kwenye ukanda wa naironi, usilikate kwa mkasi. Shika msumari kwa koleo, utie moto, kisha uuchomeke. Naironi itayeyuka na kuacha ukingo mgumu kuzunguka tundu, nyuzi hazitafumuka, na kifungo hakitachomoka. Ncha ya ukanda nayo ipitishe karibu na moto kwa nukta chache mpaka izibe. Fanya hivyo nje au penye dirisha wazi, maana moshi wake si wa kuvuta.

Cha tatu ni bizimu, iwe ya chuma kama ya mkanda wa suruali au ya plastiki inayobanwa pembeni kama ya begi la mgongoni. Bizimu ni kishikizo cha mizigo. Pamoja na ukanda unaorefushwa na kufupishwa, hukuruhusu kukaza asubuhi na kulegeza baada ya chakula. Cha nne ni lastiki, ambayo haibebi uzito bali hutoa nafasi. Kifua hupanuka kila unapovuta pumzi, na msuli wa shavu la mguu hujaa kila unapokanyaga. Bamba lililofungwa kwa ukanda usionyumbuka litakubana au litakatika. Kipande kifupi cha lastiki katikati ya ukanda huondoa tatizo hilo.

Cha tano ni sumaku, hasa zile ndogo zenye nguvu za neodimiamu, zilizoanza kutengenezwa miaka ya 1980. Zinavutia kwa sababu hazionekani, na ndiyo maana wapya huzitumia kupita kiasi. Nguvu yake hupungua ghafla pande mbili zinapotenganishwa hata kwa unene wa kitambaa, na huteleza pembeni kwa urahisi. Nyingi hupoteza nguvu zikipashwa moto kupita takribani nyuzi 80 za Selsiasi, kwa hiyo maliza kulipinda bamba kwa moto kabla hujazitia. Weka alama ya upande unaovutana kabla ya kugundisha, la sivyo vipande vyako vitasukumana. Zaidi ya yote, ziwe mbali na watoto wadogo, maana sumaku mbili zikimezwa huvutana ndani ya utumbo na kuujeruhi, na ziwe mbali na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Zitumie kwa mapambo mepesi tu: nembo, kifuniko, ua la begani.

Vishikizo unavyo, lakini vinashikaje kwenye foamu? Hili ndilo swali ambalo wapya hawalioni mpaka kishikizo kinapong'oka kizima kizima na kipande cha foamu kikifuata. Gundi inayotufaa ni ile anayotumia fundi viatu mtaani kwako. Kanuni yake ni tofauti na gundi ya karatasi: hupakwa kwa wembamba pande zote mbili, kisha husubiriwa kama dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo pande zinabanwa pamoja kwa nguvu. Zikigusana, zimegusana, hakuna kusogeza tena. Sehemu utakayoipaka iparuze kwa msasa na uipanguse vumbi, na isiwe na rangi. Ukigundisha juu ya rangi, gundi itashika rangi, na rangi itabanduka na mzigo wako. Gundi hii hutoa mvuke mkali unaoshika moto, basi fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na jiko.

Hata gundi nzuri inahitaji eneo. Velkro ya upana wa sentimita 2 iliyogundishwa peke yake kwenye foamu huvuta eneo dogo, na foamu ni laini, hivyo huchanika. Dawa ni kiraka. Kata kipande cha turubai au jinzi cha upana wa kiganja, shonea kishikizo katikati yake kwa cherehani au kwa mkono, kisha gundisha kiraka kizima kwenye upande wa ndani wa bamba. Sasa mvuto unasambaa kwenye eneo lote la kiraka. Fanya hivyo hivyo upande wa nguo: fulana inayonyumbuka isiposhonewa kitambaa kigumu kwa ndani, itavutika na bamba litaning'inia chini ya mahali ulipolipanga. Velkro yenye gundi yake nyuma iache kwa ajili ya kutundika picha ukutani. Kwenye nguo, joto na jasho huishinda.

Sasa tuunganishe yote kwa bamba moja, kinga ya bega, kwa sababu bega ni kiungo chenye mienendo mingi kuliko vyote na ndilo huwasumbua wapya zaidi. Swali la kwanza: uzito unaning'inia wapi? Kwenye ukanda wa bega wa dirii, karibu na shingo, mahali ambapo hapasogei sana unapoinua mkono. Hapo weka vifungo viwili vya kubonyeza, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili bamba lisizunguke juu ya kifungo kimoja. Swali la pili: nini kinalizuia? Ukanda wa lastiki unaopita chini ya kwapa au kuzunguka mkono wa juu, uliolegea kiasi cha kupitisha vidole viwili. Mkono ukipanda, bamba hupanda nao. Ukishuka, lastiki hulirudisha. Swali la tatu: linafunguliwa wapi? Kwenye ncha ya mbele ya lastiki, kwa velkro, mahali ambapo mkono wako wa pili unafika bila msaada. Tazama tulivyogawa kazi: vifungo vinabeba, lastiki inazuia, velkro inafungua. Hakuna hata kimoja chenye nguvu za ajabu.

Ukiweza bega, sehemu nyingine zitafuata. Dirii na bamba la mgongo huunganishwa kwa kanda mbili za mabegani na bizimu mbili za ubavuni. Upande mmoja unaweza kuufunga moja kwa moja, ukavaa kwa kufungua upande wa pili. Kinga ya paja ni mtego, kwa sababu paja hupungua kuelekea goti, na hata uikaze vipi itashuka. Itundike kwenye mkanda wa kiunoni kwa ukanda wa pembeni, kama wale askari wa karne ya 15, kisha lastiki ya nyuma ya paja iizuie isipepee. Kinga ya kigasha ni rahisi kuliko zote: iache wazi upande wa ndani, uifunge kwa lastiki mbili zenye velkro. Kwa muundi, iache wazi nyuma, lastiki moja chini ya goti na nyingine juu ya kifundo.

Mabamba yakizidi sita, tatizo jipya huzuka: kuchanganyikiwa wakati wa kuvaa. Jiwekee utaratibu na uufuate kila mahali. Dume za vifungo ziwe kwenye nguo daima, jike kwenye mabamba. Ndani ya kila bamba andika L kwa kulia au S kwa kushoto. Vaa ukianzia miguuni. Na panga mapema kipi utakachofungua ukihitaji kwenda msalani, kwa mkono wako mwenyewe, ndani ya chumba chembamba. Swali hilo huchekesha nyumbani, lakini kwenye hadhara si la kuchekesha.

Kisha jaribu vazi lote nyumbani kabla ya siku yenyewe. Inua mikono juu. Chuchumaa. Kaa kwenye kiti, simama, panda ngazi, pinda kiuno kushoto na kulia. Litembeze muda wa kutosha uanze kutoa jasho, kwa sababu hali ya hewa ya Mombasa au Dar es Salaam itaijaribu gundi yako kuliko sebule yenye feni. Kila kinachobanduka kiulize yale maswali matatu kabla hujakiongezea gundi. Siku ukienda kwenye tamasha, iwe NAICCON ya Nairobi au mkusanyiko wa marafiki mtaani, beba pini kadhaa, lastiki ya ziada, sindano na uzi, na kichupa cha gundi.

Mengi yamebaki mbele yako: mabamba yanayoteleza moja juu ya jingine, viungo vya vidole, chapeo zinazofunguka uso. Yote hayo ni maswali yale yale matatu yakiulizwa mahali penye nafasi ndogo zaidi. Usianze huko. Anza na kigasha kimoja, lastiki mbili na kipande cha jinzi kuukuu. Ukikwama kwenye gundi au kwenye kupigilia kifungo, mwendee fundi viatu au fundi mabegi wa karibu na umwonyeshe unachokitaka. Yeye hufunga vitu vinavyobeba mizigo kila siku, na mara nyingi atakuwa na jibu kabla hujamaliza kueleza swali.